Kitambaa changu kwenye kompyuta ya watu

Siku niliyomfokea kitinda mimba wangu mpaka jirani akachungulia dirishani, kosa lake lilikuwa kwamba aliihamisha kompyuta. Simaanishi kwamba aliitoa sebuleni. Mashine ilikuwa pale pale juu ya meza, karibu na redio, lakini kila kitu ndani yake kilikuwa kimehama. Ukanda wa chini ulikuwa juu. Vile vijipicha vya kubonyeza vilikuwa vimevaa rangi ya waridi kama heroe wa Ziwa Nakuru. Saa ilikuwa katikati ya skrini, kubwa kama ya stesheni. Na hesabu za chama chetu, ambazo wenzangu walikuwa wakizisubiri kabla ya saa mbili usiku, sikuziona popote.

Ilikuwa Aprili 2020. Msomaji atakumbuka hali ilivyokuwa. Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona nchini Machi 13, na siku mbili baadaye ikaamuru shule na vyuo vifungwe. Kijana wangu, ambaye alikuwa mwaka wa pili katika chuo kikuu huko Njoro, alirudi nyumbani Section 58 akiwa na begi moja na godoro.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilishika chaki miaka 31, nikifundisha Kiswahili katika shule za msingi, na nilipostaafu akina mama wa chama chetu wakanipa kazi ya ukatibu kwa hoja kwamba mwalimu hawezi kushindwa na daftari. Kabla ya corona tulikuwa tukikutana Jumamosi ya pili ya kila mwezi, nyumba hadi nyumba. Pesa zilihesabiwa mezani, kila mtu akiona kwa macho yake, kisha chai na mandazi. Mikutano ilipopigwa marufuku, michango ikawa inatumwa kwa M-Pesa, na lile daftari likakosa pa kuzungukia. Ikabidi niandike hesabu kwenye kompyuta, nizipige picha kwa simu na kuzituma kwa wanachama wote 22.

Shida ilikuwa macho yangu. Daktari alikuwa ameniambia nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, na nilikuwa nimepewa tarehe ya kupasuliwa jicho la kulia mwezi huo huo wa Aprili. Corona ilipokuja, upasuaji ambao haukuwa wa dharura ukaahirishwa. Nikaambiwa nitapigiwa simu.

Basi mwezi wa Machi nilikuwa nimemwandikia mama mmoja mchango wa shilingi 3,000 badala ya 8,000. Yeye anauza nguo za mitumba na soko lilikuwa limefungwa. Alikuwa anategemea kukopa kwa kiwango cha akiba yake ili wanawe wale. Alinipigia simu usiku. Hakunitukana, ila sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia. Wiki mbili baadaye nikakosea tena, safari hii 6 ikawa 8, na mweka hazina akaanza kuuliza kwa upole, kama wanavyouliza watu wanaoshuku, kama nilikuwa nahitaji msaidizi. Nyakati zile, katika kila mtaa wa Nakuru, vyama vilikuwa vinavunjika. Sikutaka chetu kivunjike mikononi mwangu.

Sasa mtu aliye katika hali hiyo anarudi kutoka dukani na kukuta kompyuta yake imevalishwa mapambo.

“Baba,” nilimwambia (humwita hivyo kwa sababu amebeba jina la marehemu baba yangu), “wenzako wanasoma vitabu, wewe unapaka kompyuta rangi kama matatu?”

Nilijua nilichokisema. Mimi ni miongoni mwa waliofurahi mwaka 2004, Waziri John Michuki alipoyafanya matatu yote kuwa na ule mstari wa manjano na michoro ikafutwa. Nilidhani adabu imerudi barabarani. Kijana wangu alikuwa mdogo wakati huo, lakini alikua akisimulia matatu ya zamani kama watu wanavyosimulia wafalme.

Hakunijibu. Alikaa, akabonyeza mara nne au tano, na kompyuta ikarudi kama ilivyokuwa asubuhi. Hata dakika mbili hazikuisha. Hesabu zilikuwapo muda wote. Ni mlango tu uliokuwa umehamishwa. Nilituma picha saa mbili kasoro dakika saba, nikaenda kulala bila kumwambia asante.

Kesho yake asubuhi alivuta kiti karibu nami akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, hata daktari aliyenisomesha herufi za ukutani. “Mama, ukiangalia hapa unaona nini hasa?”

Nikamweleza. Ule weupe wa ukurasa uliniumiza kama kutazama paa la mabati mapya saa sita mchana. Maandishi yalikuwa yanaogelea ndani yake. Ule mshale wa kipanya ulinipotea kila mara, nikawa nautafuta kama mtu aliyeangusha sindano kwenye zulia. Na 3, 6 na 8 zilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Akasema, “Sawa. Nipe siku tatu.”

Hapa sina budi kueleza kompyuta ilikuwa ya aina gani, maana wengi wetu tunadhani kompyuta ni kama friji: unainunua ilivyo, na itakufa ilivyo. Yetu niliinunua mwaka 2016, kuukuu, ikiwa imetumika katika ofisi fulani ng'ambo. Kumbukumbu yake ni gigabaiti 2, ambayo ni kidogo. Ilikuja na Windows 7. Januari 14, 2020, Microsoft ikaacha kutoa marekebisho ya usalama ya Windows hiyo, na mashine yetu haikuwa na nguvu ya kubeba mpya kwa starehe. Kijana akaniomba ruhusa ya kuweka Linux. Nilimwambia afanye, mradi nisilipe.

Hakulipa hata senti. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, Finland. Mwaka uliofuata akaitoa kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuitumia, kuifungua aone ndani yake, kuibadilisha na kuwapa wengine. Tangu hapo maelfu ya watu wameongeza vyao, na wengine wakaikusanya na kuifunga katika vifurushi vyenye majina. Kifurushi chetu kinaitwa Linux Mint, kilichoanza mwaka 2006, na kimejengwa juu ya kingine kiitwacho Ubuntu, kilichoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004. Neno hilo la Ubuntu halihitaji kamusi kwa msemaji wa Kiswahili. Ni utu. Kati ya 2005 na 2011 walikuwa wakituma sidii zake bure kwa posta hata huku kwetu. Mpwa wangu mmoja alipokea bahasha yake akaizungusha mtaani siku nzima kama barua ya Rais.

Kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, nilimuuliza kijana watu wa Linux wanaongea lugha gani. Akanionyesha kwamba kazi ya aina hiyo huitwa programu huria, na kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao kutoka Sweden, walitoa programu ya kuandikia na kufanyia hesabu iliyokuwa kwa Kiswahili kitupu, wakaiita Jambo OpenOffice. Niliona haya kidogo. Miaka ile nilikuwa darasani, na sikuwahi kusikia.

Turudi kwenye zile siku tatu. Katika Windows niliyoizoea, mtu anaweza kubadilisha picha ya nyuma na rangi mbili tatu. Katika Linux, sura yote ya kompyuta ni kama nguo juu ya mwili. Kazi inafanywa na mwili. Nguo unaweza kuivua ukavaa nyingine, na mwili usijue. Hata aina ya nguo unachagua. Sisi tulikuwa na ile inayoitwa Xfce, nyepesi, inayofaa mashine za zamani, na nembo yake ni panya. Ndani yake, sura za madirisha, vijipicha, herufi na mshale ni vitu mbalimbali, kila kimoja na folda yake. Folda hizo zimefichwa kwa kuwekewa nukta mwanzoni mwa jina. Ukibonyeza Ctrl na H, zinajitokeza.

Nilidhani ndani ya folda hizo kutakuwa na mambo ya kichawi. La hasha! Ni maandishi. Mstari unasema usuli uwe rangi fulani, mstari unaofuata unasema herufi ziwe rangi fulani, na rangi yenyewe imeandikwa kwa tarakimu na herufi sita: mbili za wekundu, mbili za kijani, mbili za buluu. Sufuri zote sita ni weusi mtupu. F zote sita ni weupe mtupu. Katikati ya hapo kuna rangi zaidi ya milioni 16, na kijana wangu alikuwa tayari kunionyesha zote.

Jaribio la kwanza alifanya herufi nyeupe kabisa juu ya weusi kabisa. Alikuwa amesoma kwamba kuna kipimo cha kimataifa cha kupambanua maandishi na usuli wake: weupe juu ya weusi ni 21 kwa 1, hakuna zaidi ya hapo, na maandishi ya kawaida hayafai kushuka chini ya 4.5 kwa 1. Kwa hiyo akadhani 21 ndiyo dawa. Kwangu haikuwa dawa. Kila herufi ilipata mwanga kuizunguka kama taa ya gari kwenye ukungu wa Mau Summit. Tukashuka. Usuli akaufanya wa buluu iliyoiva sana, karibu na weusi. Herufi akawa anazibadilisha moja baada ya nyingine huku mimi nikisema bado, bado, mpaka nikasema, “Hapo! Hiyo rangi ya maziwa.” Alinitazama kidogo, akaandika.

Kisha akatafuta aina ya herufi ambayo 3 yake imefunguka mdomo vizuri na 6 imeinua mkia. Mshale wa kipanya akaufanya mnene kama kidole. Ukanda akauacha chini nilipouzoea, ila akaupanua na kubakiza vitu vinne tu: hesabu, barua, redio na kuzima. Akanifundisha kwamba nikishika kitufe cha Alt na kuzungusha gurudumu la kipanya, skrini yote inanikaribia, kisha inarudi. Hilo la mwisho lilikuwa kwangu kama miwani mipya. Siku ya tatu niliingiza michango ya wanachama wote 22 bila kumwita mtu, kijana akazikagua baadaye, na hapakuwa na kosa.

Nilimwambia asante siku hiyo, pamoja na ile ya deni.

Palikuwa na jambo moja zaidi ambalo sikulitilia maanani. Nyuma ya kila kitu, badala ya rangi tupu, alikuwa ameweka picha ya kitambaa changu cha kochi. Nilikuwa nimekifuma mwanzoni mwa 2020 kwa kroshia, uzi wa damu ya mzee, ua kubwa katikati na majani pembeni. Alikipiga picha dirishani jioni, akaififisha isiniumize macho. Nilifurahi tu kama mama anavyofurahi.

Mtu wa kwanza kuitaka sura hiyo alikuwa mweka hazina wetu, yule yule aliyekuwa akinishuku. Alikuja na barakoa, akasimama mlangoni, akaona skrini kwa mbali akasema, “Mwalimu, hiyo naisoma kutoka hapa!” Yeye ana sukari na macho yake hayatulii. Kijana akamfungia zile folda katika faili moja, akazitia kwenye flashi. Wa pili alikuwa mwalimu mwenzangu mstaafu anayekaa Njoro. Wa tatu sikumbuki. Baadaye wanafunzi wenzake kijana wakaanza kuzipokea kwa simu.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kugawa sura ya kompyuta si kama kugawa sukari. Kwa mweka hazina ilifunguka vizuri. Kwenye mashine nyingine ilitoka vibaya, vitufe vikiwa vimemezwa na usuli, kwa sababu toleo la programu zake halikuwa sawa na letu. Kijana akakesha akirekebisha. Yule mwalimu wa Njoro naye akapiga simu kulalamika kwamba haoni tofauti kati ya kitufe cha kukubali na cha kukataa. Kimoja kilikuwa cha kijani na kingine chekundu, na kumbe mzee wa watu hajawahi kuzitofautisha rangi hizo tangu azaliwe. Miaka yote tuliyofundisha pamoja sikujua! Alikuwa akisahihisha vitabu kwa kalamu nyekundu kwa kuambiwa tu ni nyekundu. Kijana akaongeza alama ya vema kwenye kimoja na ya msalaba kwenye kingine, na marekebisho hayo yakabaki humo kwa kila aliyepewa baadaye.

Katika folda hiyo kulikuwa na faili dogo la majina. Juu kabisa palikuwa na jina la mtu wa ng'ambo ambaye hatumjui, aliyeandika sura ya kwanza ambayo kijana alianzia. Chini yake kijana aliandika jina lake na mambo aliyoyabadilisha. Nilimuuliza kwa nini asilifute la yule wa kwanza, maana alikuwa amebadilisha karibu kila mstari. Akasema leseni inakataza. “Unaweza kubadilisha, Mama. Unaweza kugawa. Hata kuuza si kosa. Ila huwezi kufuta jina la aliyekutangulia, na uliyempa lazima awe na ruhusa ile ile uliyopewa wewe.”

Maneno hayo niliyaelewa upesi kuliko alivyotarajia, kwa sababu hiyo ndiyo sheria ya vitambaa. Nakshi ya ua lile nilipewa mwaka 1989 na mwalimu mwenzangu tulipokuwa Molo, naye alipewa na mama yake wa Subukia. Hakuna karatasi. Unaazima kitambaa Ijumaa, unahesabu vitanzi Jumamosi na Jumapili, unakirudisha Jumatatu pamoja na kilo ya sukari. Ukitaka unaongeza majani yako. Lakini mtu akikisifu kwenye kochi lako, unasema ni cha fulani wa Molo. Palikuwa na mama mmoja, miaka hiyo, aliyefuma nakshi hiyo hiyo akaipeleka kwenye maonyesho ya kilimo na kusema ameibuni mwenyewe. Alishinda sufuria tatu. Sisi tulimsalimia kama kawaida, lakini hakuna aliyemwazima kitambaa tena.

“Basi,” nikamwambia kijana, “na kitambaa?”

Akanyamaza. Alikuwa amewapa watu picha ya kazi yangu bila kuniuliza, na jina langu halikuwapo. Jina la mtu asiyemjua, wa bara jingine, alilitunza kwa sababu leseni imesema. La mama yake aliye jikoni halikumjia akilini. Alijitetea kwamba ni picha tu. Nikamwambia hata hiyo sura ya kompyuta ni rangi tu. Jioni hiyo aliongeza mstari wa tatu na wa nne: jina langu, na jina la yule mwalimu wa Molo, ambaye ni marehemu sasa.

Mwaka 2021 ulipoingia bado nilikuwa nasubiri simu ya hospitali. Machi 26 Rais akaifungia Nakuru pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, tusitoke wala tusiingiliwe, mpaka Mei 1. Chama kilikuwa hai. Hesabu zilikuwa zinatoka kila mwezi kwenye skrini ile ya buluu, na yule mama wa mitumba alikuwa amekopeshwa na amelipa. Juni nikaitwa, nikapasuliwa jicho la kulia. Ni kazi fupi: wanatoa ile lenzi ya jicho iliyochafuka na kuweka nyingine ya kutengenezwa. Siku ya pili bandeji ikatolewa.

Sikujua ulimwengu una buluu kiasi hicho. Mtoto wa jicho humpaka mtu manjano polepole hata asijue. Mbingu juu ya Menengai ilikuwa kama imefuliwa. Kuta za sebule yangu, nilizodhani ni rangi ya krimu, zilikuwa nyeupe. Nikaenda kwenye kompyuta kwa haraka, nikaiwasha, nikaruka nyuma. Zile herufi zangu za rangi ya maziwa zilikuwa za manjano kali kama kiini cha yai la kienyeji!

“Nani amebadilisha?” nikauliza.

“Ulichagua mwenyewe, Mama,” akasema kijana, akicheka bila sauti. Mwaka mzima watu wa chama walikuwa wakidhani napenda manjano.

Lakini halikuwa hilo lililoniudhi. Nilipotazama kile kitambaa nyuma ya zile herufi, nikaona tundu. Mstari wa tatu kutoka pembeni, karibu na jani la kushoto, nilikuwa nimeruka kitanzi, na pakabaki pengo kubwa kama punje ya maharagwe. Nilikwenda kwenye kochi kukitazama chenyewe. Tundu lilikuwapo. Mimi, niliyefuma vitambaa tangu nikiwa msichana, nilikuwa nimefuma kosa ambalo hata mwanafunzi wa darasa la sita angeliona, na mwanangu alikuwa amelipiga picha na kuwapa watu.

Nilikifumua kitambaa siku hiyo hiyo na kukifuma upya. Nikamwambia kijana apige picha mpya, na ile ya zamani airudishe. Akauliza airudishe kutoka wapi. Yetu angeweza kuibadilisha. Wale tunaowajua angewatumia mpya. Waliopewa na wale waliopewa, hao hakuwa na habari nao. Niliona ni uzembe, kisha nikakumbuka kwamba nami sijui ile nakshi ya Molo imefika kwenye makochi mangapi, ikiwa na makosa ya nani.

Desemba 2021, siku chache baada ya Nakuru kufanywa jiji, nilikwenda mjini kutoa nakala za barua ya chama. Niliingia kwenye kijiduka kimoja cha kupiga chapa, katika zile ngazi za nyuma ya barabara kubwa. Msichana aliyekuwa pale akaniambia, “Karibu, shosho,” mimi ambaye wakati huo sikuwa na mjukuu hata mmoja. Nikampa karatasi. Akageukia kompyuta yake, na pale kwenye skrini, nyuma ya faili za wateja, nikaona ua la damu ya mzee.

Lilikuwa la zamani. Lenye tundu.

Nilimuuliza amelitoa wapi. Akasema mashine ilikuja hivyo. Tajiri wake alimlipa fundi fulani kuweka mfumo na fundi akaleta na hiyo sura, akisema ni yake, ameitengeneza mwenyewe. Nikamwomba abonyeze Ctrl na H. Alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi akisoma gazeti, lakini akabonyeza. Folda zikajitokeza. Tukaingia. Alama ya vema ya mzee wa Njoro ilikuwapo. Lile faili la majina halikuwapo.

Nilikasirika, siwezi kudanganya. Nilimweleza kitambaa ni changu, na nikamwonyesha pale nilipokosea.

“Kumbe hilo ni kosa?” akasema. “Mimi nilidhani ni mahali pa kuweka kitu.” Na kweli, alikuwa ameburuta kijipicha cha printa mpaka juu ya tundu lenyewe, kikaenea kabisa. Alisema alikiweka hapo ili asihangaike kukitafuta wateja wakipanga foleni.

Nikavuta kiti. Nikamwambia afungue faili jipya katika folda ile, aandike nitakayomtajia. Akaandika jina la yule mtu wa ng'ambo, nikimsomea herufi moja moja kwa sababu nilikuwa nalikumbuka. Akaandika la kijana wangu. Akaandika la mwalimu mwenzangu wa Molo, na mwisho langu. Akauliza kama aandike na jina la fundi. Nilifikiri kidogo. Nikamwambia kama anajua fundi alibadilisha chochote, aandike. Hakujua, akaacha.

Alipomaliza kuhifadhi, akanipa nakala zangu, akahesabu kwa vidole.

“Nakala sita, shosho, na hiyo ya kuchapa majina ni shilingi 30.”

Nikalipa.